Umbali Kati ya Viwanja Viwili vya Ndege: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Tiketi

Shabaha ya somo: Baada ya kusoma somo hili, msafiri ataweza kutofautisha aina za umbali zinazotajwa katika matangazo ya safari, kukadiria mwenyewe muda na gharama ya safari yake yote, na kujua la kufanya endapo ndege haitafika pale ilipoandikiwa kufika.

Mtu akiuliza ni mbali kiasi gani kutoka Bukoba hadi Mwanza, anaweza kujibiwa kuwa ni kilomita 174. Anaweza pia kujibiwa kuwa ni zaidi ya kilomita 400, au kuwa ni karibu kilomita 1,880. Majibu yote matatu ni ya kweli. Jibu la kwanza ni umbali wa angani, la pili ni umbali wa barabara, na la tatu ni umbali wa abiria aliyeuziwa tiketi inayopitia Dar es Salaam. Anayenunua tiketi bila kujua ni umbali upi anaouziwa huenda akalipa zaidi ya alivyotarajia, au akachelewa miadi ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, usaili wa kazi au mtihani.

Tumechagua viwanja vya Bukoba na Mwanza kuwa mfano wetu kwa kuwa vinaonyesha jambo hili waziwazi: viko karibu kwa ndege na mbali kwa gari, kwa sababu ya Ziwa Viktoria lililo kati yao. Hata hivyo, kanuni tutakazozieleza zinafaa kwa viwanja vyovyote viwili vya mikoa.

1. Umbali wa angani, na namna ya kuupima

Umbali wa angani ni ule wa mstari mnyoofu kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Huu ndio unaoonyeshwa na programu nyingi za simu mtu anapoandika majina ya viwanja viwili. Huhitaji kuukubali bila kuuhakiki, kwani unaweza kuukokotoa mwenyewe ukiwa na ramani na kalamu.

Kiwanja cha Bukoba kipo kwenye nyuzi 1.33 kusini mwa Ikweta na nyuzi 31.82 mashariki. Kiwanja cha Mwanza kipo kwenye nyuzi 2.44 kusini na nyuzi 32.93 mashariki. Tofauti ya kusini ni nyuzi 1.11, na tofauti ya mashariki nayo ni nyuzi 1.11. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta kama yetu, uzi mmoja ni takribani kilomita 111 kwa upande wowote. Kwa hiyo Mwanza iko kilomita 123 kusini mwa Bukoba, na vilevile kilomita 123 mashariki mwake. Tukitafuta kipeo cha pili cha kila upande, tukajumlisha, kisha tukatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, tunapata kilomita 174.

Marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni sawa na kilomita 1.852. Ukikuta mahali pameandikwa kuwa umbali huohuo ni maili 94, usidhani kuwa safari imefupishwa. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Kumbuka kwamba ndege hairuki daima juu ya mstari huo. Huondoka kwa kufuata uelekeo wa barabara ya kurukia, hukwepa mawingu ya mvua, na hupangwa foleni inapokaribia kutua. Kilomita 174 ni kiwango cha chini kabisa cha umbali wa safari hiyo, wala si ahadi.

2. Umbali wa barabara

Gari haliwezi kuvuka ziwa. Msafiri wa basi kutoka Mwanza kwenda Bukoba hupita Sengerema, Geita, Chato, Biharamulo na Muleba, akilizunguka ziwa kwa upande wa kusini na magharibi. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 400, yaani zaidi ya mara mbili ya umbali wa angani.

Si kila mahali tofauti huwa kubwa hivyo. Palipo na nchi kavu na barabara iliyonyooka, umbali wa barabara huzidi ule wa angani kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo usijenge mazoea ya kuongeza asilimia fulani kwa kila safari. Tazama ramani, ujiulize kuna nini kati ya viwanja hivyo: ziwa, mlima, mto mkubwa, hifadhi ya wanyama au kivuko.

Somo jingine kuhusu barabara hii limetolewa na Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi kwa urefu wa takribani kilomita 3, ambalo lilizinduliwa Juni 2025. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa kivuko, na foleni iliweza kumchelewesha msafiri kwa muda mrefu. Daraja halikuzipunguza sana kilomita za kutoka Mwanza hadi Bukoba. Lililopungua ni muda. Hivyo mtu akikutajia umbali wa barabara, muulize pia hali ya njia ilivyo leo. Kilomita zinaweza kubaki zilezile huku safari ikifupika au ikirefuka.

3. Kutoka umbali hadi muda

Ndege ya mapangaboi yenye kuchukua abiria wapatao 70 huweza kwenda kilomita 500 kwa saa ikiwa imekwisha kupaa. Kwa mwendo huo, kilomita 174 zingemalizika kwa dakika 21. Lakini hakuna abiria anayesafiri kwa dakika 21. Ndege huhitaji muda wa kutembea ardhini, kupaa, kushuka na kuegeshwa, na abiria naye huhitaji muda wa kufika kiwanjani, kukaguliwa, kusubiri na kuchukua mizigo. Kinachofaa kupimwa ni muda wa kutoka mlangoni unapoanzia hadi mlangoni unapoishia.

Tuchukue mfano wa mtu anayekaa Bukoba mjini na kwenda katikati ya jiji la Mwanza. Makadirio yake yanaweza kuwa haya:

- Kutoka nyumbani hadi kiwanjani, kwa kuwa kiwanja cha Bukoba kimo mjini: dakika 15.
- Kuwahi kiwanjani kabla ya ndege kuondoka: dakika 90.
- Muda wa ndege kwa mujibu wa ratiba: dakika 45.
- Kushuka na kuchukua mizigo: dakika 20.
- Kutoka kiwanja cha Mwanza hadi katikati ya jiji, takribani kilomita 10: dakika 30.

Jumla ni dakika 200, yaani muda wa saa 3 na dakika 20. Kwa basi, tukikadiria kilomita 400 kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, safari itachukua muda wa saa 6 na dakika 40. Tumetumia wastani huo kwa sababu mwendo wa juu wa mabasi unaoruhusiwa ni kilomita 80 kwa saa, nalo basi hulazimika kupunguza mwendo katika miji na kusimama vituoni. Basi kwa mtu huyu ndege inapunguza muda kwa nusu. Ni faida kubwa, lakini haifanani kabisa na picha inayojengwa na zile dakika 21.

Sasa tumfikirie mtu anayekaa Muleba, takribani kilomita 70 kusini mwa Bukoba kwenye barabara ileile iendayo Mwanza. Akichagua ndege, itambidi kwanza arudi nyuma kilomita 70 hadi Bukoba, yaani dakika 70 kwa wastani wetu. Safari yake ya ndege itakuwa ya muda wa saa 4 na dakika 15. Akipanda basi palepale Muleba, atasafiri kilomita 330 kwa muda wa saa 5 na dakika 30. Pengo limepungua hadi saa moja na robo, na huenda halilingani na tofauti ya nauli. Umbali kati ya viwanja viwili haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni umbali kati ya msafiri na kiwanja, na huu ndio unaosahauliwa mara nyingi.

Ipo pia njia ya majini, kwa meli ya abiria kati ya Bukoba na Mwanza. Njia hii huwafaa wenye mizigo mingi, mradi waulize mapema siku na saa za kuondoka.

Zingatia saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Tiketi za ndege hufuata mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Tiketi iliyoandikwa 07:00 ina maana ya saa moja kamili asubuhi, wala si saa saba. Iliyoandikwa 13:00 ndiyo ya saa saba mchana. Ukiwa na shaka, mwombe wakala akuandikie kwa maneno pembeni mwa tiketi.

4. Nauli haifuati kilomita

Wasomaji hutuuliza kwa nini safari fupi ya ndege hugharimu karibu sawa na safari ndefu zaidi. Jibu limo katika namna gharama zinavyogawanyika.

Kwa mabasi, umbali ndio msingi wa nauli. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hupanga nauli kikomo kwa kila kilomita. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, abiria wa basi la masafa marefu la daraja la kawaida katika barabara ya lami alipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na wa daraja la kati shilingi 67.84. Kwa kilomita 400, hesabu hiyo inaleta shilingi 19,388 na shilingi 27,136. Abiria anayejua kilomita za safari yake anaweza kukagua nauli anayotozwa kwa kuzidisha tu, baada ya kuhakikisha kiwango kinachotumika siku hiyo.

Kwa ndege, sehemu kubwa ya gharama haitegemei urefu wa safari. Ndege hutumia mafuta mengi inapopaa, iwe inakwenda kilomita 174 au 850. Ada za kutua, huduma za ardhini na malipo ya wahudumu hulipwa kwa kila safari. Tozo ya huduma ya abiria katika safari za ndani nayo ni kiasi maalumu kwa kila abiria, bila kujali anakokwenda. Juu ya hayo, bei ya kiti hupanda kadiri viti vinavyojazwa na siku ya safari inavyokaribia. Kwa hiyo usigawanye nauli ya ndege kwa kilomita ukitafuta haki. Linganisha bei za siku na za saa mbalimbali, na ulinganishe jumla iliyo pamoja na kodi na tozo zote, si nauli ya msingi inayotangazwa kwa herufi kubwa.

Hapa ndipo lilipo lile jibu la kilomita 1,880. Siku ambayo hakuna ndege ya moja kwa moja, mtambo wa kuuzia tiketi unaweza kukupangia kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam, kilomita 1,025, kisha kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita 853. Utaruka umbali unaozidi mara kumi ya ule unaohitajika, na huenda ukalala njiani kwa gharama yako. Mtambo hautakuambia kwamba basi lingekufikisha mapema zaidi. Kabla ya kulipa, soma mstari unaoonyesha vituo vya kati na jumla ya muda wa safari.

5. Ndege isipofika ilipoandikiwa

Hali ya hewa ya ziwa hubadilika upesi. Kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni mwa ziwa, na barabara yake ya kurukia ni fupi ikilinganishwa na ya Mwanza. Inatokea ndege iliyokuwa ikienda Bukoba ikalazimika kutua Mwanza ili kungoja mvua au ukungu upite. Tunamsihi msafiri asiwashinikize wahudumu wala rubani katika uamuzi huo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba, na watu 19 wakapoteza maisha. Kuchelewa ni hasara, lakini ni hasara inayoweza kudaiwa na kufidiwa.

Msafiri aliyeshushwa Mwanza badala ya Bukoba huambiwa kuwa amebakiza mwendo mfupi. Ni kweli kwa ndege. Kwa barabara, amebakiza zaidi ya kilomita 400, na stendi ya Nyegezi iko kusini mwa jiji ilhali kiwanja kiko kaskazini. Akifika jioni, huenda akahitaji malazi pia. Swali la msingi basi ni moja: gharama hizo ni za nani?

Tiketi iliyoandikwa BKZ ni mkataba wa kukufikisha Bukoba, si wa kukufikisha karibu na Bukoba. Kwa sababu hiyo, fanya yafuatayo kabla ya kuondoka kiwanjani:

- Mwulize mwakilishi wa shirika ni lipi linalotolewa: kungojea ndege iendelee, kusafirishwa kwa gari, au kurudishiwa fedha za sehemu ya safari isiyotumika.
- Uliza kila moja ni kwa gharama ya nani, na uombe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.
- Usijiondokee kimya. Anayeondoka bila kuaga hujidhoofishia madai yake.
- Tunza tiketi, kadi ya kupandia ndege, kibandiko cha mzigo na risiti zote za chakula, malazi na usafiri.
- Kama una safari ya kuunganisha, eleza mapema. Tiketi mbili zilizonunuliwa kando huhesabiwa kuwa mikataba miwili, na shirika la pili linaweza kukuhesabu kuwa hukufika. Tiketi moja inayounganisha safari zote hukulinda zaidi.

Usiporidhika, peleka malalamiko yako kwa maandishi kwanza kwa shirika lenyewe. Likikaa kimya au likikujibu isivyoridhisha, yafikishe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA-CCC, lipo pia kwa ajili ya kukuelekeza na kukutetea. Malalamiko ya mabasi hupelekwa LATRA, na ya meli hupelekwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

6. Maswali matano kabla ya kulipa

Kwanza, umbali ninaotajiwa ni wa njia ipi? Pili, ndege ni ya moja kwa moja au inapitia kwingine? Tatu, safari yangu yote, mlango hadi mlango, ni ya muda gani? Nne, bei niliyotajiwa ni pamoja na kodi, tozo na mzigo? Tano, ndege ikitua kiwanja kingine, masharti ya tiketi yanasemaje? Muuzaji mwaminifu hatakerwa na maswali haya. Akikerwa, umepata jibu la aina yake kabla fedha hazijatoka mfukoni.

7. Zoezi

Swali: Mgeni anatua Kiwanja cha Arusha (ARK), kilicho kwenye nyuzi 3.37 kusini na 36.63 mashariki. Ndege yake ya pili inaondoka Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro (JRO), kilicho kwenye nyuzi 3.43 kusini na 37.07 mashariki. Viwanja hivi vyote viwili huhudumia Arusha. Je, viko mbali kiasi gani, na mgeni afanye nini?

Jibu: Tofauti ya kusini ni nyuzi 0.06, sawa na takribani kilomita 7. Tofauti ya mashariki ni nyuzi 0.44, sawa na kilomita 49. Umbali wa angani ni takribani kilomita 49, na wa barabara unazidi hapo, tena ukipita katikati ya jiji la Arusha na msongamano wake. Mgeni asidhani kuwa atabadilisha ndege katika jengo moja. Asome herufi tatu za kila kiwanja kwenye tiketi, aweke akiba ya saa kadhaa kati ya safari hizo mbili, na aingize nauli ya gari katika bajeti yake.

Swali: Rudia hesabu hiyo kwa kiwanja kilicho karibu na kwako na kile unachokusudia kwenda. Andika namba tatu: kilomita za angani, kilomita za barabara, na jumla ya muda kutoka mlangoni mwako. Ukiwa nazo tatu mkononi, linganisha ndege na basi, kisha nunua tiketi.